Ramani ya kumbukumbu za utotoni Butetown, Cardiff: shajara ya mradi

Mradi unakusanya kumbukumbu za watu waliokulia Butetown, mtaa wa bandarini mjini Cardiff, Wales, ambao wengi wanaujua kwa jina la Tiger Bay, na kuzipanga juu ya ramani nyumba kwa nyumba. Kipindi ni 1930 hadi 1965. Kurudi nyuma zaidi hakuna faida, maana hata aliyezaliwa 1930 sasa ana zaidi ya miaka 90. Kwenda mbele zaidi nako ni kusimulia mtaa mwingine: nyumba za zamani kuizunguka Loudoun Square zilibomolewa miaka ya 1960, majengo mawili marefu ya ghorofa yakasimamishwa, na doki ya Bute West ikafungwa 1964.

Anayeanza kazi ya namna hii kwenye kijiji au mji wowote wa Uingereza atakutana na mambo yaleyale, kwa hiyo hatua zimeandikwa kwa ukamilifu pale zinapohitaji kurudiwa.

Januari: ramani ya msingi

Butetown ni ukanda mwembamba. Magharibi palikuwa na Mfereji wa Glamorganshire, mashariki reli na doki ya Bute West iliyofunguliwa 1839, kusini matope ya Mkondo wa Bristol ambako maji huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 12. Mipaka hii mitatu ni bahati kwa mchoraji ramani, kwani kumbukumbu ya mtoto aliyezuiwa na maji na reli haitawanyiki mbali.

Tumetumia ramani mbili za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani. Ya kwanza ni ya inchi 25 kwa maili, yaani 1:2500, toleo la kabla ya vita. Ya pili ni ya 1:1250, iliyochorwa kwa miji baada ya vita. Wengi hukimbilia ya kwanza kwa sababu ni nzuri kutazama. Ya pili ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu mbili: ina namba za nyumba, ambazo ya inchi 25 haina, na tayari imechorwa kwenye gridi ya taifa. Kila karatasi inafunika mita 500 kwa 500.

Utaratibu kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya ramani: funga kwanza (yaani, bandika mahali pake halisi) ramani ya 1:1250 kwa pembe zake nne za gridi. Kisha funga ya inchi 25 juu yake kwa kutumia pembe za majengo yanayoonekana kwenye zote mbili. Ukiifunga ya inchi 25 moja kwa moja juu ya picha ya setilaiti, mtaa mzima utateleza, kwa sababu ramani za zamani za kaunti zilichorwa kwa makadirio (namna ya kuuweka uso wa dunia uliopinda kwenye karatasi bapa) tofauti na ya gridi ya leo, na karatasi zenyewe zimenywea. Kosa la mita 2 linavumilika. Kosa la mita 5 ni nyumba nzima, na mtu aliyekaa namba 14 atajikuta amehamishiwa kwa jirani.

Majengo yanayofaa kuwa nukta za kufungia ni yale yaliyosimama palepale: kanisa la St Mary la 1843 kwenye Bute Street, jengo la Coal Exchange pale Mount Stuart Square, Pierhead la 1897. Jengo la kuogopa ni Kanisa la Wanorwe. Ni jeupe, la mbao, linaonekana upesi kwenye kila picha, na kila anayejitolea kusaidia hulichagua la kwanza. Lakini lilibomolewa vipande vipande likajengwa upya mahali pengine, likafunguliwa 1992. Ukilitumia, kona nzima ya kusini ya ramani inapinda.

Onyo jingine: usiitafute anwani ya zamani kwa injini ya ramani ya intaneti. Loudoun Square ipo hadi leo kwa jina, ila mpangilio wake si ule. Injini itakupa jibu bila kusita, na nukta itaangukia kwenye nyasi kati ya majengo ya ghorofa.

Februari: nani alikaa wapi

Sensa haisaidii sana kwa kipindi hiki, na heri kulijua hilo mapema. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto Desemba 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ya 1951 itafunguliwa baada ya miaka 100. Kinachobaki ni Rejista ya 1939, iliyochukuliwa usiku wa 29 Septemba mwaka huo ili kutoa vitambulisho.

Rejista hiyo inapendeza na inadanganya. Kila mstari una jina, tarehe kamili ya kuzaliwa, hali ya ndoa na kazi. Iliendelea kutumiwa na huduma ya afya kwa miongo mingi, kwa hiyo mwanamke aliyeolewa 1950 ana jina la zamani lililokatwa na jipya limeandikwa juu yake kwa wino mwingine. Ukiona mistari imefichwa kwa rangi nyeusi, hao ni watu ambao bado hawajatimiza miaka 100 tangu kuzaliwa na ambao kifo chao hakijathibitishwa. Nyumba yenye mistari mingi iliyofichwa ndiyo nyumba iliyokuwa na watoto, na hilo peke yake ni taarifa.

Kwa Butetown kasoro kubwa ni nyingine. Aliyekuwa baharini usiku ule hakuandikwa nyumbani. Katika mtaa ambao wanaume wengi walikuwa mabaharia, nusu ya familia inaonekana haina baba. Mtafiti asiyejua ataandika kwamba Angelina Street ilikuwa ya wanawake walioachwa. Tumeweka alama ya "baharini?" kwa kila nyumba yenye mke bila mume, isiondolewe mpaka karatasi nyingine izungumze.

Karatasi nyingine ni vitabu vya anwani vya Kelly's. Vimepangwa mtaa kwa mtaa, upande kwa upande, na katikati ya orodha kuna mstari unaotaja mtaa unaokatiza. Huo mstari ndio wa thamani: unakuambia duka lilikuwa kabla au baada ya kona. Mapungufu ni kwamba anaandikwa mkuu wa kaya tu, wapangaji na wanawake huachwa, na taarifa zilikusanywa kabla ya mwaka uliochapishwa kwenye jalada. Duka lililofungwa miezi sita kabla linaweza kuendelea kuishi kitabuni. Hivyo duka moja linathibitishwa kwa matoleo mawili yanayofuatana, si moja.

Majina ya mitaa hayakutuchelewesha. Mengi yanatoka kwa ukoo wa Bute waliojenga doki: Maria na Sophia walikuwa wake wawili wa markizi wa pili, na Loudoun ni cheo cha upande wa mama yake Sophia.

Machi: kurekodi

Kifaa kimewekwa kwenye WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz, biti 24, mono. Saa moja inachukua karibu MB 520. Maikrofoni inakaa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za herufi P na B zisigonge. Kabla ya swali la kwanza zima friji kwa ruhusa ya mwenye nyumba (na weka funguo zako juu yake, usisahau kuiwasha ukiondoka), ondoa saa ya ukutani inayogonga, kisha rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Ukimya huo unahitajika baadaye kusafisha mvumo.

Mezani panalazwa ramani, na hapa ukubwa ndio kila kitu. Kwenye 1:2500 nyumba yenye upana wa mita 5 ni milimita 2, na mzee wa miaka 85 hawezi kuinyooshea kidole. Tumeikuza hadi 1:500, nyumba ikawa sentimita 1. Karatasi moja ya A1 kwa kipimo hicho inafunika takriban mita 297 kwa 420, kwa hiyo Butetown yote inataka karatasi kadhaa, na kila moja iingiliane na jirani yake kwa sentimita 5. Majina ya maduka yamefutwa. Ukiacha jina, msimulizi atalisoma kisha atalikumbuka.

Maswali huanza na njia, si mwaka. "Unatoka mlangoni kwenu kwenda shule: unageukia mkono upi? Kona ya kwanza kuna nini? Nani anakaa mlango wa kijani?" Mtu aliyeulizwa "maisha yalikuwaje miaka ya 1940" hutoa hotuba aliyokwisha kuitoa mara nyingi. Aliyeulizwa mkono gani hunyanyua mkono wake mwenyewe, hugeuza kiwiliwili kwenye kiti, na kutoka hapo maelezo huja kwa mpangilio: hatua za mlangoni zilizosuguliwa kwa jiwe, pipa la makaa, harufu ya mkate, bweni la mabaharia lenye pazia nene, uzio wa mfereji wenye tundu. Msaidizi huandika kwa sauti ya chini kwenye rekodi, "anaonyesha kona ya kaskazini", kwa sababu kidole hakisikiki kwenye WAV.

Fomu za ridhaa husainiwa baada ya mazungumzo, mtu akishajua alichosema. Kwa sheria ya Uingereza maneno ni haki ya aliyeyasema hata kama mashine ni yako, kwa hiyo fomu ina sehemu mbili: ruhusa ya kuhifadhi na kutumia, na uhamisho wa hakimiliki. Anayekataa ya pili bado anaweza kukubali ya kwanza. Majina ya watu wengine walio hai hukatwa kwenye nakala ya umma; yanabaki kwenye nakala iliyofungwa.

Kunakili ndiko kunakomeza muda. Saa moja ya sauti hula saa 5 hadi 6 za kuandika. Tulijaribu programu ya kunakili. Inasaidia kwa rasimu, lakini "Loudoun" inaigeuza "London" karibu kila mara, na bei za pesa za zamani inazivuruga. Mtu akisema "two and six" maana yake ni shilingi 2 na peni 6. Programu inaandika 2.6. Msomaji wa Afrika Mashariki naye ajihadhari: shilingi hii haikuwa na senti 100. Ilikuwa peni 12, na pauni ilikuwa shilingi 20, hadi mfumo ulipobadilishwa 15 Februari 1971. Tunaandika 2s 6d kama ilivyokuwa na hatubadilishi kuwa pesa za leo.

Aprili: kuzipa kumbukumbu tarehe

Watu waliokulia mahali pamoja hukubaliana juu ya kona na ngazi, hutofautiana juu ya miaka. Kwa hiyo kila kipande cha simulizi kinapewa mabano mawili: si kabla ya, na si baada ya. Mabano yanatoka kwenye matukio ambayo tarehe zake hazina ubishi.

Lililotuzalia matunda kuliko yote ni la mfereji. Wavulana wa Butetown waliogelea humo, na karibu kila msimulizi ana kisa chake. Desemba 1951 meli ya kuchimba mchanga, Catherine Ethel, iligonga malango ya mfereji upande wa baharini, na maji yakakimbilia nje. Basi kila kuogelea katika sehemu hiyo ni kabla ya Desemba 1951, bila kujali msimulizi anasema alikuwa na miaka mingapi. Simulizi za kutembea kwenye tope la mfereji mkavu na kuokota vyuma ni baada ya hapo. Kigezo kimoja kimepanga upya sehemu kubwa ya jedwali.

Peremende zilituchanganya kwa muda. Wasimulizi wengine wanakumbuka foleni ya siku mgao ulipoondolewa wakiwa shule ya watoto wadogo, wengine wakiwa wakubwa, na tofauti yao ni kama miaka minne. Hakuna anayesema uongo. Mgao wa peremende ulioanza Julai 1942 uliondolewa Aprili 1949, mahitaji yakaushinda uzalishaji, ukarudishwa Agosti mwaka huohuo. Ulikoma kabisa 5 Februari 1953. Sasa tunauliza swali moja la nyongeza: je, mgao ulirudi tena?

Maziwa ya shule nayo ni mazuri kwa kazi hii. Kuanzia 1946 kila mwanafunzi alipewa bure chupa ya theluthi moja ya painti, kama mililita 190. Shule za sekondari ziliyapoteza 1968, na waliozidi miaka 7 mwaka 1971. Mtu anayekumbuka kulipia maziwa darasani yuko kabla ya 1946. Anayekumbuka kreti iliyosogezwa karibu na joto majira ya baridi, maziwa yakapata uvuguvugu na ladha mbaya, anaweza kuwa wa mwaka wowote kati ya hapo, kwa hiyo kumbukumbu hiyo haina nguvu ya kutia tarehe ijapokuwa ndiyo inayosimuliwa kwa hisia zaidi.

Vigezo vingine tunavyotumia: baridi kali na theluji za Januari hadi Machi 1947, umri wa kuacha shule kupanda kutoka 14 hadi 15 mwaka 1947, kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II 2 Juni 1953, Michezo ya Himaya na Jumuiya ya Madola iliyofanyika Cardiff Julai 1958, robo peni kuondolewa mwisho wa 1960.

Mei: majina ya mabaharia

Meli za makaa ziliufanya mtaa huu. Mwaka 1913 zaidi ya tani milioni 10 za makaa zilisafirishwa kutoka Cardiff, na waliotia makaa kwenye tanuri za meli walitoka Aden, Berbera, Afrika Magharibi, Cape Verde, Malta na kwingineko. Watoto wao, wengi wa mama Wawelsh, ndio wasimulizi wetu.

Tatizo ni makarani. Mtu wa Pwani anajua kwamba katika Ali bin Ahmed bin Salim hakuna jina la ukoo kwa maana ya Kizungu: kuna mtu, baba na babu. Karani wa bandari alitaka jina la mwisho, akachukua lolote. Baba mmoja anaweza kuwa Ahmed kwenye karatasi za meli, Ali kwenye cheti cha ndoa, na Salim kwenye daftari la shule ya mwanawe. Ukitafuta kwa jina la ukoo pekee utampoteza. Tunatafuta kwa mchanganyiko wa vitu vitatu: mahali pa kuzaliwa, mwaka wa kuzaliwa ukiongeza na kupunguza miaka 3, na anwani ya Cardiff. Vikikubaliana vyote vitatu tunaviunganisha, vikikubaliana viwili tunaandika "huenda".

Karatasi zenye manufaa: kadi za usajili za CR10 za 1918 hadi 1921, zenye picha ya baharia, na mafaili ya mabaharia ya BT 372 kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew. Pia agizo la 1925 la mabaharia weusi wa kigeni liliwalazimu kujiandikisha polisi, na kwa vitendo liliwakumba hata raia wa himaya waliokosa hati. Karatasi zilizozaliwa na ubaguzi huo leo ndizo zenye anwani sahihi kuliko zote. Tunazitumia, ila chanzo chake kinatajwa wazi kwenye kila nukta ya ramani, wajukuu wasidhani babu yao alikuwa na kesi.

Ghasia za ubaguzi wa rangi za Juni 1919 mjini Cardiff ziko nje ya kipindi chetu. Tunachorekodi ni yale wazazi waliwaambia watoto wao juu yake, na yanawekwa kwenye safu ya "kusikia", kando na "kuona".

Juni: picha

Picha za karatasi zinaskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, TIFF, rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu umanjano wa karatasi na wino wa nyuma ni ushahidi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 inatoa faili la karibu MB 20. Nyuma ya picha inaskaniwa pia, siku zote. Muhuri wa duka lililosafisha filamu una anwani, na duka lina miaka yake kwenye Kelly's.

Kutambua mahali: tazama usafiri. Tramu za Cardiff zilikoma Februari 1950, trolibasi (mabasi ya umeme yanayotumia nyaya za juu) zikaendelea hadi Januari 1970. Njia ya Bute Street ilipita chini ya daraja la reli lenye kimo kifupi, kwa hiyo ilitumia magari ya ghorofa moja. Simulizi moja ilikuwa na trolibasi ya ghorofa mbili ikipita mbele ya nyumba ya msimulizi mtaani. Picha aliyoileta kuithibitisha ina ghorofa mbili kweli, ila ni ya katikati ya mji, kaskazini ya daraja. Imehamishwa, na simulizi imeachwa ilivyo pamoja na maelezo pembeni.

Picha za watoto wa Tiger Bay zilizopigwa na wapiga picha wa magazeti zina tatizo lake. Zimekusudiwa kuonyesha umaskini au "ugeni", na watoto wamepangwa. Zinafaa kwa matofali, vibao na taa za barabarani. Hazifai kwa kusema watoto walicheza nini. Kwa michezo tunaamini zaidi picha za familia, ambako kamba ya kuruka na gololi zinaonekana pembeni bila mtu kuzikusudia.

Julai: yaliyo mezani sasa

Jedwali lina safu hizi: namba ya rekodi, dakika na sekunde, mtaa, namba ya nyumba, kona iliyo karibu, si kabla ya, si baada ya, kuona au kusikia, karatasi inayothibitisha, karatasi inayopinga. Safu ya mwisho ndiyo tunayoisisitiza. Ramani nyingi za kumbukumbu hufuta ugomvi ili nukta ziwe safi, na matokeo yake ni mtaa ambao hakuna aliyeuishi. Sisi wasimulizi wawili wakigombania kona moja ya Sophia Street tunaweka nukta mbili za rangi tofauti.

Bado kumalizia: msikiti wa Peel Street, uliopigwa kwa mabomu 1941. Simulizi za madrasa zinachanganya jengo la kabla ya bomu, nyumba zilizotumika kwa muda, na jengo jipya. Zinatenganishwa kwa maelezo ya mlango na ngazi, si kwa mwaka, na kila msimulizi aliyesoma huko ataonyeshwa upya karatasi ya 1:1250.

Nakala tatu za kila faili zipo: diski mbili katika majengo tofauti, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila diski inakaguliwa kwa chekisamu (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ambayo hubadilika faili likibadilika), kwani faili la sauti likiharibika kidogo huweza kufunguka kawaida na kasoro isijulikane mpaka mtu afike dakika ya 40. Mazungumzo ya kukabidhi seti kamili kwa hifadhi ya nyaraka ya Glamorgan, iliyoko Leckwith, yataanza jedwali likishafungwa. Slaidi za milimita 35 hazijaguswa: zinataka skana yenye nukta zisizopungua 3000 kwa inchi, na kabla ya hapo zipulizwe vumbi kwa pampu ya mkono, si kwa kopo la hewa, ambalo likiinamishwa hutema kimiminika baridi na huweza kuacha doa.